Watoto wanaitika "nzuriii" tu. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, wilaya ya Pangani. Wamekuja shuleni kwetu vijana wanaotengeneza programu ya kujifunzia kusoma kwa vishikwambi, nao wanataka watoto washiriki kuibuni. Kila wakiuliza "mmeionaje?", darasa zima linaitika "nzuriii!", basi. Sasa wanataka kuleta mhusika wa kubuni, watoto wamsaidie yeye. Nahofia tutawadanganya watoto, na tutakachokusanya kitakuwa maoni ya katuni, si yao. Unanishaurije?
Mwalimu, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "nzuriii" naijua, iliwahi kunipotezea muhula mzima. Mtoto aliyelelewa asimkosoe mkubwa, ukamsimamishia mgeni wa mjini na kishikwambi mkononi, akamuuliza kama amekipenda, unategemea aseme nini? Amejibu kwa adabu. Kosa liko kwenye swali.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kazi kama hiyo, programu ya silabi. Nilichora mtoto kwenye manila, nikamwita Kito, nikawaambia watoto: "Huyu ni wa kuchora, hayupo. Tuseme kesho anaanza shule, na hajawahi kushika kishikwambi. Mfundisheni, mniambie atakwama wapi." Msichana mmoja, ambaye kwa wiki mbili sikuwahi kusikia sauti yake, akanyoosha kidole: "Kito hatabonyeza. Akikosea kinalia, wote watamgeukia."

Mlio ule niliuchagua mimi mwenyewe, nikidhani unachangamsha. Kumbe katika darasa la watoto sitini ulikuwa unamtangaza kila aliyekosea. Sikumuuliza yule binti kama anajisema yeye, na wewe usije ukauliza. Tuliuondoa, herufi ikawa inatikisika kimya kimya.

Mtoto akisema "mimi nimeshindwa" ameaibika. Akisema "Kito atashindwa hapa" amekuwa mwalimu wa Kito. Ndiyo maana mhusika lazima ajue kidogo kuliko watoto. Hao vijana wakileta shujaa anayejua kila kitu, mtarudi kwenye "nzuriii".

Mjini Aarhus, Denmark, mtafiti Christian Dindler na wenzake waliisukuma mbinu hii mbali zaidi. Walikuwa wanabuni mkoba wa shule wa kidijitali, na katika maelezo yao ya mwaka 2005 wanaonyesha jinsi watoto walivyoombwa wamweleze kiumbe wa kubuni wa sayari ya Mars maisha yao ya shule. Ukimuuliza mtoto mkoba ni wa nini, atakushangaa, maana wewe si unajua! Kiumbe wa Mars hajui, kwa hiyo hata lililo dhahiri linastahili kuelezwa. Naipenda sana mbinu hiyo. Kwako Pangani hata Mars si lazima; mgeni ambaye hajawahi kuona shule anatosha.

Hofu yako ya maoni ya katuni ina msingi. Mwaka 1999 mbunifu wa programu Alan Cooper alieneza utaratibu wa wabunifu kumtunga mtu mwenye jina na mahitaji yake, ili wasisahau wanamtengenezea nani. Ofisini unasaidia. Lakini nimeshuhudia mtu huyo akigeuka kisingizio: "Kito anapenda hivi", na hakuna aliyerudi shuleni kuwauliza wenye Kito. Ubunifu shirikishi, yaani watakaotumia kitu kushiriki kukibuni, haukuanzishwa kwa ajili hiyo. Mizizi yake iko Norway miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alipofanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wawe na kauli juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingizwa kazini mwao. Watoto nao wana haki hiyo. Kule chuo kikuu cha Maryland, Marekani, mtafiti Allison Druin na wenzake waliwakalisha watoto meza moja na watu wazima, wabunifu kwa wabunifu. Mhusika asichukue kiti cha mtoto mezani.

Dawa ninayoiamini ni kuwaachia watoto wamharibu huyo mhusika. Kito wangu wa kwanza alikuwa na sare iliyonyooka na viatu vyeusi. Mvulana mmoja darasani akamtazama, akauliza: "Mdogo wake yuko wapi?" Watoto wakachukua penseli wakamchorea mtoto mgongoni, na mkono mmoja nyuma umemshikilia. Zoezi letu la kuunganisha silabi lilitaka mikono miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza kwamba jioni nyumbani mkono mmoja una kazi nyingine. Tukalipanga upya ili kidole gumba kimoja kitoshe.

Kuhusu udanganyifu, sema mapema kwamba mhusika ni wa kutunga. Watoto wanaocheza baba na mama wanajua vizuri kwamba chungu kina mchanga. Ila chungeni sana asipewe jina la mtoto aliyemo darasani, wala dhiki ambayo kila mtu atajua ni ya nani.

Waombe hao vijana walete manila na penseli, wagawe makundi ya watoto wanne wanne. Wewe, mwanangu, toka nje kidogo. Ukiwepo, majibu yataelekezwa kwako. Programu ikishabadilishwa, warudi wawaonyeshe watoto kipi kimebadilika kutokana na maneno yao, na kipi kimeshindikana na kwa nini. Hili la kurudi wakubaliane nawe kabla hawajaanza. Na manila yenye mhusika ibaki ukutani kwenu, wasiondoke nayo.