Soya: lita ngapi kwa gunia, na je, trekta itakunywa?

Gunia langu la kilo 90 limetoa lita saba tu. Je, mwenye mashine ameniibia? (Malava)

Kabla ya kumshuku, chunguza unyevu. Soya ina mafuta asilimia 18 hadi 20 tu, tena mashine ya skurubu huacha asilimia 6 hadi 8 ndani ya mashudu. Gunia kavu hutoa kilo 9 hadi 11 za mafuta, yaani lita 10 hadi 12. Unyevu wa asilimia 13 unafaa ghalani, ila kwa kukamua shusha hadi 10. Punje zikiwa na maji, mashudu huteleza na kuzunguka na skurubu bila kubanwa. Yatazame yanapotoka: yakiwa laini kama ugali usioiva, na ukiyaminya kidole kinang'aa mafuta, basi mafuta yako yamebaki humo. Anika upya, vunja punje vipande vipande, zipashe moto, ndipo umwage kwenye mashine.

Mafuta yanatoa povu nikikaanga samaki. (Dunga, Kisumu)

Hiyo ni lesithini, gundi asilia ya soya. Pasha lita 20 hadi nyuzi 70, tia nusu lita ya maji moto, koroga polepole kwa nusu saa, kisha acha yatulie usiku kucha. Utelezi huzama, teka mafuta ya juu na uyapashe taratibu hadi yaache kutatarika. Usikoroge kwa nguvu, yatageuka kama maziwa na hayatajitenga.

Dizeli imepanda. Nimwage mafuta ya soya kwenye tangi la trekta? (Njoro)

Usithubutu. Ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli hushindwa kuyapuliza vizuri, masizi hujaa na pete za pistoni hunata. Biodizeli ni kitu kingine: kila lita ya mafuta mapya huchanganywa na mililita 200 za methanoli zilizoyeyushiwa gramu 3.5 za kostiki soda, kwa nyuzi 55, muda wa saa nzima. Gliserini huzama na kutolewa, kisha biodizeli huoshwa kwa maji na kukaushwa. Mafuta yakiwa na maji tangu mwanzo, utapata sabuni. Methanoli hupofusha, na mvuke wake hulipuka, kwa hiyo jikoni si mahali pake. Tena piga hesabu: mafuta ya gunia zima, trekta inayolima huyamaliza kwa saa moja au mbili.

Marekani wanageuza mafuta ya soya kuwa mafuta ya malori. Yatuhusu nini? (Bungoma)

Yanatuhusu sana. Miaka hii karibu nusu ya mafuta ya soya ya Marekani huishia kwenye injini. Baadhi ya hayo hutiwa haidrojeni kiwandani hadi yafanane kabisa na dizeli ya petroli. Yakigombaniwa hivyo bei hupanda, mafuta ya mawese nayo huifuata, na Kenya huagiza mafuta mengi ya kupikia kutoka nje. Mama wa chapati huumia. Ila kila tani ya soya inayokamuliwa huacha takriban asilimia 80 kama mashudu, na yakijaa sokoni bei yake huelekea chini. Hapo mfugaji hupumua.

Kuku wale mashudu hayo moja kwa moja? (Bahati, Nakuru)

Kama soya haikupashwa moto vizuri, hapana. Soya mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini. Kuku hula wakashiba na bado wakakonda. Kabla ya kukamua, kaanga punje hadi zinukie kama njugu, kisha pasua moja: ndani nako kuwe kumebadilika rangi. Zikiwa nyeusi umepitiliza, na laisini, sehemu muhimu ya protini, imeungua.