Kutoka Chamwino hadi delta ya Rufiji

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu huku Chamwino. Likizo ya Juni nataka kwenda na mke wangu kutembelea vijiji vya delta ya Rufiji. Sote tumekulia Ugogo, mto tunaoujua ni korongo la mchanga. Tupite wapi, na je, siku moja inatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku moja haitoshi kabisa, laleni kijijini. Na maji yenyewe si mageni kwenu. Mkipita barabara ya Iringa mnaliona bwawa la Mtera: hayo ni ya Ruaha Mkuu, yakishapita Kidatu yanaingia Rufiji.

Pandeni treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha gari za kusini pale Mbagala, mshuke Bungu. Hapo mnaiacha barabara ya Kilwa mnaelekea Nyamisati, bandari wanakopandia boti watu wa Mafia.

Ukifika, msipange lolote kabla ya kumuuliza nahodha maji yanajaa saa ngapi. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanajaa sana na kupwa sana, na vijito vya ndani hubaki tope tupu. Hapo mashua inakaa na abiria wanakaa. Ukifuata maji utaviona vijiji. Ukiyakimbiza utaona tope.

Mwombeni nahodha azime injini kwenye kijito chembamba maji yakianza kupwa. Mizizi ya mikoko inatokeza, halafu kaa wadogo wanatoka matunduni, kila dume na gando moja kubwa analolipunga hewani. Watazameni bila haraka. Mikoko ya delta ni hekta zipatazo 50,000, lakini mimi nawapenda hao kaa.

Ndani zaidi, kwenye maji baridi, kuna mashamba ya mpunga na madungu: vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, watu wanalala humo kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Ninyi mliokua mkifukuza kweleakwelea kwenye uwele mtakuwa na mazungumzo marefu na wenyeji.

Wageni wengi huulizia kwanza Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humo mwaka 1914 na kuangamizwa Julai 1915. Isubirini. Anzeni na Warufiji, Wandengereko na Wanyagatwa walio hai: ulizeni wanavyovua kamba, kaeni na kina mama wanaosuka mikeka.

Kila kijiji, ripotini kwanza kwa mtendaji; ndiye atakayewatafutia mwenyeji wa kulala kwake. Bebeni maji ya kunywa, kwani karibu na bahari visima vina chumvi. Na kuoga, ogeni ya ndoo uani. Mtoni kuna mamba.