Usipime volti za AC kwa nukta moja

Huku kwetu Dodoma, wenye mashine za kusaga na kukamua alizeti walio mwisho wa laini wanajua jioni ilivyo: umeme unakuwa mdogo, mota inavuta ampea nyingi, koili zinachemka hadi kuungua. Ndiyo maana nawahimiza mafundi vijana wajifunze kuunda saketi ya kupima volti za AC na kukata umeme mapema.

Anza na transfoma ndogo ya 230 kwenda 12, yenye fyuzi upande wa 230. Wapo wanaopunguza volti kwa rezista moja kwa moja kutoka kwenye laini. Inapima, ndiyo, ila saketi nzima inabaki na umeme wa kuua, na atakayeifungua kesho hajui. Siikubali kabisa njia hiyo.

Kisha daraja la dayodi nne, kapasita ya maikrofaradi 10, na rezista mbili za kugawa volti: kilo-omu 39 juu, 10 chini. Kwenye 230 utapata kama volti 3.2, ambazo maikrokontrola (chipu ndogo yenye programu) itazisoma. Usiongeze kapasita ili namba itulie. Ukiweka ya maikrofaradi 1000, mota itanguruma sekunde kumi hivi au zaidi kabla saketi haijagundua kitu.

Sasa tega sikio. Volti 12 za transfoma ni za RMS (kipimo cha nguvu ya wimbi zima, ndicho mita huonyesha); kilele cha wimbi lenyewe ni 17. Dayodi mbili zinakula 1.4, zinabaki 15.6. Umeme ukishuka hadi 180, kilele ni 13.3, lakini dayodi zinakula 1.4 ileile. Ukiwa umerekebisha usomaji wa saketi kwenye 230 peke yake, saketi itasoma 175 badala ya 180, na kosa linakua kadiri umeme unavyoshuka. Kwa hiyo rekebisha kwenye nukta mbili, mfano 180 na 240, kwa transfoma ya kupandisha na kushusha volti na mita unayoiamini, halafu pitisha mstari kwenye nukta hizo mbili. Hesabu hizi ni za kuanzia tu: transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya 12, basi ipime kabla hujaunganisha maikrokontrola.

Saketi hii hufuata kilele cha wimbi. Kwa mteja wa inveta ya bei nafuu itadanganya, maana wimbi lake limekatwa. Huyo mtengenezee kwa chipu ya RMS halisi kama AD736. Na mashine ya fezi tatu inataka seti tatu, kila moja kati ya fezi yake na nyutro.