Nataka kuutafiti ufundishaji wangu mwenyewe: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha uhasibu wa msingi katika chuo kimoja hapa Tanga mjini. Nina mikondo miwili ya mwaka wa kwanza, kila mmoja una wanachuo kama 40. Muhula ujao nataka kufanya utafiti wenye kichwa "Mchango wa kazi za vikundi katika ufaulu wa wanachuo". Mkondo A nitaufundisha kwa vikundi, B kwa mhadhara kama kawaida, kisha nilinganishe matokeo ya mtihani wa mwisho na kugawa hojaji. Mpango umekaa sawa? – Mkufunzi, Chumbageni

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nia ni njema, ila mpango huu kama ulivyo utakupa namba usizoweza kuzitetea hata mbele ya mkuu wa idara, achilia mbali mhariri wa jarida.

Ugomvi wangu wa kwanza ni na hilo neno "ufaulu". Ndani ya alama ya mtihani wa mwisho mna mahudhurio ya mwanachuo, mna Kiingereza chake, mna ada iliyomsumbua akili muhula mzima na usiku aliokesha na madesa. Vikundi vyako utavionaje humo?

Kabla hujagusa andiko, chukua karatasi 30 za muhula uliopita na uangalie swali moja tu. Tuseme ni hili: mama mwenye duka Ngamiani amenunua magunia manne ya unga kwa mkopo, onyesha maingizo kwenye leja, yaani daftari la akaunti. Usitoe alama. Zigawe karatasi mezani kwa aina ya kosa. Fungu moja huenda likawa la walioandika taslimu, wakati hakuna hata shilingi iliyotoka dukani. La pili, waliochagua akaunti sahihi, ya manunuzi na ya mdai (aliyeuza kwa mkopo), lakini wakageuza pande. La tatu, walioandika upande mmoja wakaishia hapo.

Makosa hayo hayana mzizi mmoja. Huyu wa taslimu hakuuelewa muamala wenyewe; kubishana na mwenzake kunaweza kumfungua macho. Aliyegeuza pande ameuelewa vizuri, kinachombabaisha ni debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa akaunti, na pengine anachohitaji ni mazoezi tu. Sasa swali lako linaweza kuwa: wanachuo wakijadili muamala wawili wawili kabla ya kuuandika, je, kosa la kuingiza taslimu kwenye ununuzi wa mkopo linapungua? Ni swali dogo, ndiyo, lakini muhula mmoja unatosha kulijibu.

Kuhusu mikondo. Mmoja una kipindi asubuhi, mwingine pengine baada ya chakula cha mchana, na joto la Tanga unalijua. Halafu wanalala bweni moja. Ikifika jioni karatasi ya A imeshapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la B. Tena wa B wakigundua wamenyimwa kitu kizuri, wana haki ya kulalamika. Mimi ningefanya kwa zamu: mada ya miamala ya mkopo, A wajadiliane na B wapate mhadhara, mada ya kufunga leja, wabadilishane. Kila mkondo unapata njia zote mbili, na kila mmoja unakuwa kipimo cha mwenzake. Uvujaji hautakwisha, lakini mada ikimalizika ndani ya wiki mbili utapungua.

Jaribio la mwanzo ndilo wengi hulisahau. Mimi mwenyewe, nikifundisha Bagamoyo, nilibadilisha ufundishaji wa somo zima, na wiki ya sita ndipo nikashtuka kwamba sikuwapima kabla. Wiki ya kwanza hairudi. Nilibaki na hadithi nzuri isiyo na ushahidi.

Ukiwa na majaribio mawili, la kabla ya kufundisha na la baada yake, usitoe tu alama moja kwenye nyingine. Chukua ongezeko, uligawe kwa nafasi iliyokuwa imebaki hadi 100. Aliyetoka 30 akafika 65 amepata 35 kati ya 70, yaani 0.5, aliyetoka 80 akafika 90 naye ana 0.5. Kipimo hiki alikitumia Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani, mwaka 1998 kwa wanafunzi 6,542 wa madarasa 62: yaliyofundishwa kwa mhadhara yalipata wastani wa 0.23, na yale ambayo wanafunzi walishiriki kutatua na kujadili, 0.48. Usizichukue namba hizo kuwa lengo lako, kwa kuwa yalikuwa madarasa ya fizikia. Chukua hesabu yenyewe.

Hojaji iache, au iwe fupi sana. Wataandika kwamba walifurahia, maana wanajua nani anaisoma. Afadhali uwaombe wanachuo wanne watatue muamala mmoja huku wakisema kwa sauti wanachowaza, na aliyekaa nao awe mwenzako, si wewe.

Hapo ndipo penye ugumu halisi: wewe ndiye unayewapa alama. Mwanachuo atakataaje kushiriki? Fomu za ridhaa azikusanye mtu mwingine, azifungie bahasha, nawe usijue nani kakubali hadi alama ziwe zimeshapelekwa. Majina yageuze kuwa namba tangu mwanzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na karatasi za wanachuo haziko nje yake. Andiko lipitie kamati ya utafiti ya chuo kabla muhula haujafunguliwa, na uwaulize mapema kama utahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Ukishazigawa hizo karatasi 30, niandikie umepata mafungu mangapi na lipi ni kubwa. Jaribio la mwanzo tutalitunga kutokea hapo.