Nataka siku moja na wavuvi wa Iconi, nijipange vipi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwezi wa nane nakwenda Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwenye harusi ya ukweni, tutafikia mji mkuu Moroni siku 10, sasa mi natamani siku moja nishinde na wavuvi pale Iconi. Nimezoea mchanga na mikoko ya kwetu, nasikia kule ufukwe ni mawe meusi ya volkano, je kuogelea kupo? Na gombesa, yule samaki silikanti, naweza kumwona?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Na hiyo marahaba ondoka nayo maana kule ndo ahsante, utaisema kutwa. Mtu mzima unamwamkia "kwezi" naye anakuitikia "mbona", usishtuke ukadhani umekosea kitu.

Iconi iko kusini mwa Moroni, si mbali, panda teksi ya kuchangia, ila mwezi wa nane Wangazidja wa Ufaransa wamejaa nyumbani kwa ajili ya harusi kwa hiyo toka alfajiri, na alfajiri ndo galawa, yaani ngalawa zao, zilizokesha baharini zinarudi. Simama pembeni uangalie wanavyozitoa majini, wanaume wanazibeba nzimanzima, hawaziburuti, maana lile jiwe ni lava ya mlima wa volkano Karthala iliyogandia baharini, lina meno, linakula mbao na nyayo zako pia. Vaa raba, achana na kandambili. Kuogelea hapo sikushauri, hatua chache tu kina kinashuka ghafla, nenda Itsandra kaskazini ya mji kuna mchanga mweupe, na kanga ya kujifunga usiisahau.

Gombesa hapana, na usimwombe mvuvi akutafutie, ni samaki wa kulindwa na hata wao hawamtaki, ananasa kwa bahati mbaya usiku wakivua samaki aitwaye nesa kwenye maji marefu. Kisa cha kuwepo hapo ni hayohayo mawe, mchana anajificha kwenye mapango ya lava, chini huko karibu mita 200. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke alizama na nyambizi ndogo hapo Ngazidja akampiga picha akiwa hai kwenye maji yake. We mtazame makumbusho ya taifa Moroni, yuko mmoja amehifadhiwa, na ukirudi kumbuka ndo silikanti huyohuyo mwenye hifadhi yake ya bahari hapo kwenu Tanga.

Jambo ninalokuomba sana ni maji. Ngazidja haina mto hata mmoja, mvua ikinyesha yote inazama kwenye lava, watu wanakinga ya paa kwenye matangi na mwezi wa nane ni kiangazi. Ukikaribishwa kunawa tumia kidogo, na ya kunywa beba yako kutoka mjini.

Kuna jabali pale juu ya bahari ambako zamani wanawake wa Iconi walijirusha wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Usipande kupiga selfi. Kaa kwanza bangweni, uwanja wanapokutania watu, au kwa kina mama, amkia, waulize, watakusimulia wenyewe, na Kiswahili chako wataelewa kuliko unavyodhani. Picha ya mtu omba kwanza. Ukinunua samaki lipa kwa faranga za Komoro, noti ndogondogo, maana chenji asubuhi ile ni shida.