Kabla ya kununua kadi ya grafiki ya mtumba, fungua kwanza kasha la kompyuta yako

Kadi yangu ya kwanza ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye kioo, ilikuwa GT 730, na niliinunua Kariakoo kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwenye boksi. Nilikuwa na kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa ya Core i5-4590, na nilitaka kucheza GTA V. Winga, yaani dalali, aliyenipeleka dukani aligonga boksi kwa kidole, palepale palipoandikwa 4GB. "Kaka, hii inabeba gemu zote. Memori si unaiona mwenyewe?" Nikalipa. Usiku ule gemu ilifunguka vizuri, nikaingia kwenye gari, na nilipokanyaga mafuta barabara ikawa inajichora kwa mafungu: nyumba haipo, kioo kinaganda, kikiachia nakuta nimeshaigonga.

Nilikuja kuelewa baadaye. GT 730 ilitoka kwa sura kadhaa chini ya jina moja, na yangu ilikuwa ya memori ya DDR3 yenye njia ya biti 64. Kadi ya namna hiyo hupitisha data GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1050 Ti nayo ina 4GB, lakini hupitisha GB 112. Ni kama kuwa na simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, halafu bomba linaloshuka jikoni ni jembamba kama mrija wa soda. Maji yapo, ila ndoo haijai. GT 1030 ina mtego uleule: ya GDDR5 hupitisha GB 48, ya DDR4 haifiki hata 17, na zote mbili zimeandikwa 2GB. Kwa hiyo muuzaji akikutajia GB peke yake, mwombe jina kamili la kadi na aina ya memori. Asipoyajua, nenda duka la pili.

Tangu hapo nimepitisha mikononi kadi nyingi za zamani, zangu, za ndugu na za majirani, na ushauri ninaoutoa kwanza hauhusu kadi hata kidogo. Chukua bisibisi, fungua kasha, angalia pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tunaanzia kwenye mashine za ofisini zinazoletwa zikiwa zimeshatumika, Dell na HP, na mashine hizo hazikuundwa kwa ajili ya gemu. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na ndani yake hakuna waya wa pini 6 wala wa pini 8 wa kulisha kadi. Kadi itakula umeme wa sloti peke yake, na sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye bodi, hutoa mwisho wati 75. Tena Dell hawakutumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye bodi ya mashine hiyo. Ni ya pini 8, kwa hiyo ukitaka kuweka pawa saplai nyingine lazima utafute na adapta. Kama yako ni ile ndogo ya kulala, tofauti na mnara, kuna sharti la ziada: kadi iwe fupi kwa kimo, na nafasi ya upana ni finyu. Pima kwa rula kabla hujatoa hela. Nimeshuhudia mtu akirudi dukani na kadi nzima isiyo na kosa lolote, kosa lake ni kwamba haikuingia.

Ukishajua hayo, orodha ya kadi inajifupisha yenyewe.

Kwa mashine isiyo na waya wa ziada, mashindano ya kweli ni kati ya GTX 1050 Ti na GTX 1650. Kuna pia GTX 750 Ti ya 2014, inayokula wati 60 tu, na niliipenda sana zamani zake, lakini nyingi zina 2GB na leo ningeichukua kama naipata karibu na bure. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 ikiwa na viini 768 (vitengo vidogo vya kukokotoa picha) na 4GB za GDDR5. Ndiyo iliyoniokoa baada ya ile GT 730. Kwenye i5 yangu, GTA V ilikaa kwenye fremu 60 hivi kwa sekunde, kwa ukubwa wa picha wa 1080p, nilipopunguza majani na vivuli, na Counter-Strike sikuwa na lawama nayo. GTX 1650 ilifuata Aprili 2019, viini 896 vya kizazi kipya zaidi, na unapozitumia zote mbili kwenye mashine moja tofauti unaiona kwa macho bila kuhesabu fremu.

Zamani ningesema chukua yoyote utakayoipata kwa bei nzuri. Sasa sisemi hivyo, kwa sababu ya draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA, watengenezaji wa kadi za GT na GTX, walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndio mwisho wa draiva mpya za gemu kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani 750 Ti, 970, 1050 Ti, 1060 na ndugu zao. Baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ni ya kizazi cha Turing, nayo haimo kwenye orodha hiyo. Gemu ulizonazo hazitazimika kesho, 1050 Ti itaendelea kuzicheza. Lakini anayenunua leo ananunua miaka ijayo pia. Kama 1650 imezidi bei kidogo, ongeza. Kama imezidi karibu mara mbili, baki na 1050 Ti na mwambie muuzaji kuhusu hizo draiva wakati mnapatana bei, kwa sababu ni hoja halali kabisa. Na unapochagua 1650 igeuze uangalie ukingo wake: baadhi ya makampuni yameiwekea plagi ya pini 6, na hiyo kwenye mashine yako haitawaka.

Sasa tuje kwenye RX 570 na RX 580, kadi za AMD za Aprili 2017, ambazo watu wengi wananiuliza kwa sababu zinaonekana rahisi kuliko uwezo wake. Ni kweli zina uwezo. GTX 1650 ilipotoka, miaka miwili baada yake, RX 570 ilikuwa inaipita kwa kasi na inauzwa bei ndogo zaidi. RX 580 ya 8GB hadi leo inabeba gemu ambazo kadi za 4GB zinakwama kwa kukosa memori. Lakini RX 580 inaandikiwa wati 185, inataka waya wa pini 8, inataka kasha linalopumua.

Hapo ndipo hesabu ya thamani inapoanza, na hesabu hiyo haikai kwenye bei ya kadi. Tuseme umeona 1650 kwa shilingi 280,000 na RX 580 kwa 250,000. Ya pili imeonekana rahisi. Ongeza pawa saplai ya kuaminika, tuseme 120,000, ongeza adapta ya Dell 20,000. Umefika 390,000. Kisha kuna Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. RX 580 na 1650 zinapishana wati 110 hivi zikifanya kazi kwa nguvu zote. Ukicheza saa tatu kila siku, kwa mwezi ni uniti 9.9. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama 3,500 kila mwezi, 42,000 kwa mwaka. Mwenye kipato chake hataiona. Kijana anayekaa kwa mama, nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo lisilotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, anaweza kuisukuma familia nzima kwenye bei kubwa kwa sababu ya gemu. Fikirieni hilo kabla, wadogo zangu, halafu mzungumze na wenye nyumba.

Pamoja na yote hayo, kama tayari una pawa saplai nzuri ya wati 500 yenye nyaya zake, basi RX 580 ya 8GB ndiyo ningeitafuta kwanza, na kama mfuko unaruhusu, GTX 1660 Super ya 2019: 6GB za GDDR6, wati 125, na ni Turing, kwa hiyo draiva bado zipo. AMD nao waliziweka RX 500 pembeni tangu 2023, draiva zake hutoka kwa nadra.

GTX 1060 nayo ni nzuri, ila kuwa macho na majina. Ya 6GB ina viini 1280, ya 3GB ina 1152. Zimeitwa jina moja lakini si kadi moja iliyopunguziwa memori tu, na 3GB leo haitoshi. Ya 3GB iache. GTX 970 ina kisa chake: imeandikwa 4GB, lakini ni 3.5GB tu zinazokwenda kwa kasi kamili, nusu GB iliyobaki inajikokota. Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi na NVIDIA ikakubali mwaka 2016 kuwalipa dola 30 kila mmoja. Leo ningeinunua kwa bei ya kutupa tu.

Lililoniuma kuliko yote ni kadi feki. Nilimwagizia mdogo wangu "GTX 1050 Ti" kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, picha safi, boksi jipya. Ilipofika niligundua kitu ambacho kila anayenunua anapaswa kukijua: ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu la pini 15. Kizazi cha Pascal hakitoi ishara ya VGA. Ukiona tundu hilo kwenye kadi iliyoandikwa 1050 Ti, shtuka palepale. Nikafungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu halisi ya kadi, na mbele ya jina ikaandika FAKE kwa herufi kubwa. Ndani ilikuwa na chipu ya GTS 450, kadi ya 2010, iliyobadilishwa jina kwa programu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri kuiona. Sikuwa na la kumwambia, na hela haikurudi.

(Kama monita yako ni ya VGA, kadi halisi haikunyimi kitu. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, na mambo yatakwenda.)

GPU-Z hiyohiyo inafichua RX 580 iliyopunguzwa. Kuna toleo linaloitwa 2048SP, lililotengenezwa kwa soko la China, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Angalia mstari wa "Shaders", yaani viini: RX 580 kamili inasoma 2304. Ikisoma 2048, lipa bei ya 570.

Na kadi zilizotumiwa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali? Ethereum, moja ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na tangu siku ile kadi za RX zilimwagika sokoni dunia nzima. Usizikimbie zote. Kadi iliyozunguka mfululizo kwa joto lisilopanda na kushuka si lazima iwe mbovu. Kinachochoka mapema ni feni, na memori iliyopikwa muda mrefu. RX 570 ninayotumia mwenyewe sasa niliinunua ikifika nyuzi 88 ndani ya dakika kumi. Niliifungua mezani, skrubu nne za nyuma ya chipu, nikainua hitisinki, lile chuma la kupoza, taratibu ili waya wa feni usikatike. Vumbi lilikuwa limeshikana kati ya mapezi kama sufi ya mto, na pesti ya joto imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta. Nilifuta kwa pamba na spiriti, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele mbili, nikafunga skrubu kwa mshazari. Ikashuka hadi 72. Sisi tulio karibu na bahari tuangalie pia bati la nyuma ya kadi: kutu ikiwa imeanza kwenye matundu ya HDMI, hewa ya chumvi imefika na ndani.

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani alinijia na OptiPlex kama ile yangu ya kwanza, na hela aliyoiweka akiba tangu mwaka jana. Alitaka RX 580. Tulifungua kasha pamoja, akasoma mwenyewe lebo ya wati 290, akatafuta waya wa pini 8 asiuone. Tulikwenda mjini na flashi yenye GPU-Z na Heaven, programu ya majaribio, tukapata GTX 1650 isiyo na plagi. Nilimwomba muuzaji aiwashe kwenye mashine yake. Jina lilisoma sawa, viini 896, Turing. Tukaiacha Heaven izunguke dakika ishirini huku muuzaji akihudumia wateja wengine, kijana kaegemeza mikono kwenye kaunta, anatazama ile meli ya angani ikizunguka, hakuna nukta ya rangi wala mstari kwenye kioo. Ilisimama kwenye nyuzi 67. Akatoa hela yake akahesabu.