Kabla ya kuiamini picha ya jino, tazama jua lilikuwa wapi

Nikiwa bado mgeni katika kazi ya meno hapa Lamu, nilimtibu mama mmoja mzizi wa jino la mbele la juu. Eksirei ilinionyesha jino la milimita 27. Nikaiamini, nikaiweka sindano ya kusafishia mzizi kwa kipimo hicho. Ganzi ilipomtoka, maumivu yakamkesha usiku kucha. Sindano ilikuwa imepita ncha ya mzizi na kuchoma mfupa. Jino lenyewe lilikuwa la milimita 23.

Nilikuwa nimeulaza mno mrija wa mashine ya eksirei, ule unaotoa miali. Picha ya jino ni kivuli, na vivuli sisi tunavijua: Mashafii tunasema Alasiri imeingia kivuli cha kitu kikilingana na kitu chenyewe, ukiacha kile kidogo cha jua la utosini. Jua likiinuka, kivuli hufupika. Likilala, mnazi mdogo hupata kivuli cha kuvuka uwanja mzima. Mashine ni jua lako. Ukiinua mrija mno jino hufupika, ukiulaza hurefuka.

Mwaka 1907 daktari Cieszyński wa Poland aliweka kanuni: igawe katikati pembe iliyo baina ya jino na filamu (kibamba cha picha kinachowekwa mdomoni, nyuma ya jino), kisha mwali uupige mstari huo wa katikati kwa nyuzi 90. Kivuli kitalingana na jino. Ni hesabu ileile ya Alasiri: kijiti wima, ardhi bapa, jua kwenye nyuzi 45.

Tatizo ni kwamba mstari huo hauonekani, unaukisia tu. Kwa hiyo mimi huanza na usambamba: filamu isimame sambamba na jino, ndani ya kishikio. Usimwachie mgonjwa aishike kwa kidole, kidole huipinda. Filamu ikikaa mbali na jino kivuli hukua, basi chanzo cha miali nacho kisogezwe nyuma, kama sentimita 40. Kaakaa likiwa bapa kishikio hakikai. Hapo narudi kwa Cieszyński.

Angalia na pembe ya ubavuni. Magego yakipandana pichani, tundu lililo baina yao halionekani.

Mama yule alirudi, Mungu amjalie. Safari hii nilimpiga picha sindano ikiwa ndani ya jino, imewekwa milimita 20 kamili. Fanya hivyo kila mara: ya 20 ikionekana 23, picha nzima imerefushwa, na unajua kwa kiasi gani. Nikasahihisha hesabu, nikasimama milimita moja kabla ya ncha.